Nywele za Ukurasa wa Tisa

"Huyu mtu ameziona wapi nywele zako?"

Kaka yangu Mbwana hapigi kelele akiwa amefunga. Hunong'ona, na mnong'ono wake unaogopesha kuliko kelele zake za siku za kawaida. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, bado amevaa koti la kazini, simu kaielekeza usoni kwangu.

Niliangalia. Ilikuwa picha ya ukurasa wa tisa wa kitabu changu cha watoto, niliyoituma asubuhi ile kwenye kundi la akina mama wa madrasa wanipe maoni kabla hatujakipeleka kwa mchapishaji. Mama wa hadithi yuko jikoni wakati wa daku, anakoroga uji, na mwanawe Tatu, anayetaka kufunga nusu siku kwa mara ya kwanza maishani mwake, anamvuta kanga. Kichwa cha mama kiko wazi, maana yuko nyumbani kwake na watu wake. Nilipoituma nilikuwa na usingizi, nikaangalia tu kama uji una mvuke wa kutosha. Nywele sikuziangalia.

"Wifi, mimi nilidhani umepigwa picha," alisema Mwanahawa, mke wa kaka, naye yumo kwenye kundi lile, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia na anayezidi kuharibu.

Nikaishika simu mwenyewe. Mistari mitano imetoka kwenye paji la uso hadi utosini. Hapo imegawanyika, ikazunguka masikio, ikakutana kisogoni kwenye fundo dogo. Na nyuma ya sikio la kushoto, msuko mmoja mwembamba umeachwa ukining'inia peke yake. Mkono wangu ulipanda wenyewe hadi kwenye mtandio, nikaugusa msuko huo huo, mwembamba vile vile, upande ule ule.

"Nywele zako tunaziona mimi na mke wangu," kaka alinong'ona. "Na yule mama Mkongo anayekusuka. Na yule mama Mkongo anaishi na nani?"

"Na mwanawe. Lakini nikienda kusukwa yeye huwa kazini. Mama mwenyewe humpigia simu asirudi."

"Na mwanawe ndiye mchoraji wako."

"Ndiye, kaka. Unalijua hilo tangu mwanzo."

"Nalijua. Nilisema mkutane mahali penye watu, mkakutana penye watu, sikuwa na neno. Sasa hapa kuna mawili. Ama alikuchungulia, ama ulimwonyesha. Niambie lipi nimpelekee mama yetu kule Tanga."

"Hakuna hata moja!"

"Basi kamuulize. Ukirudi na jibu linaloingia akilini nitalisikiliza. Ukirudi mikono mitupu, kitabu hicho kimekufa, na posa ya Hemedi naijibu ndiyo kabla ya Idi."

Hemedi wa Saint Paul, mji wa jirani, ni mtu mzuri. Ni muuguzi, anaswali, anampigia mama yake simu kila siku. Hilo ndilo tatizo lake, sina la kumsema. Mtu wa namna hiyo ukimkataa unaulizwa sababu, na sababu yangu nilikuwa sijaitaja hata mbele ya kioo.

Niliendesha gari kwenda New Hope, kwenye maktaba tunapokutania, huku theluji ya Machi ikiyeyuka barabarani na akili yangu ikienda upande wake. Nilizipekua siku zote tangu nisukwe mtindo huu. Je, mtandio uliwahi kuteleza? Je, siku ile ya kusukwa alirudi mapema, akasimama koridoni, akaona, akaondoka kimya kimya? Mwanamume anayeweza kufanya hivyo simjui, na Elisée, mchoraji wangu, nilidhani namjua. Lakini kilichonichanganya kuliko vyote ni hiki. Kila nilipowaza kwamba ameziona, hasira ilikuja, aibu ikaja, halafu nyuma yao kikaja kitu kingine kinachofanana sana na furaha. Nikakifukuza. Kikarudi. Nikakifukuza tena, nikapitiliza taa nyekundu, Mungu anisamehe.

Kitabu hiki nilikianza kwa hasira. Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika shule moja ya Minneapolis, hapa Marekani. Kila mwaka niliwasomea watoto vitabu vya picha vyenye miti ya Krismasi na mayai ya Pasaka, na wenye majina kama yangu wakakaa kimya mkekani wakingoja zamu yao isiyofika. Nikaandika hadithi ya Tatu. Kuchora sijui, hata duara langu lina pembe. Ndipo siku moja, nikiwa nasukwa kwa Mama Bernardine, yule mama Mkongo, nikaona ukutani kwake mchoro wa kalamu wa mwanamke anayechambua maharage, nikauliza nani kachora. "Elisée," akasema, kama vile kuchora ni ugonjwa ambao mtoto ataupona.

Elisée Byamungu anasukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja ya Coon Rapids. Ana mikono mikubwa na sauti ndogo. Kwenye michoro yake ya kwanza alimvalisha mama wa Tatu hijabu jikoni, hijabu sebuleni, na kwenye ukurasa wa nne akamlaza kitandani na hijabu yake, shuka hadi kidevuni. Nilicheka hadi mtunza maktaba akatutazama.

"Elisée, unadhani tunalala nayo?"

"Miye nitajuaje?" alijibu. "Sijawahi kukuona bila."

Alipolisema hilo alitazama chini, nami nikatazama rafu ya vitabu. Nilimwambia kwamba mtoto anajua nywele za mama yake, kwa hiyo nyumbani amvue. Amchore kama watu wa kwao wanavyokuwa nyumbani.

Nilimkuta mahali petu pa siku zote, kwenye meza fupi ya watoto katikati ya maktaba, mahali penye watu kuliko sehemu yoyote. Amekaa kwenye kiti cha mtoto wa chekechea, magoti yamekaribia kidevu. Chupa yake ya maji ilikuwa imefungwa kwenye begi. Nimemwambia mara nyingi anywe tu, mimi ndiye niliyefunga, lakini hataki.

"Saumu," alisema, uso ukamng'aa, kisha ukazimika alipouona wangu. "Kuna nini?"

"Nani alikuonyesha nywele zangu?"

"Nywele gani?"

"Usijifanye mjinga, Elisée. Leo sina nguvu za kucheza." Nilimwekea simu mbele yake. "Hizi! Mistari mitano, halafu inagawanyika, inazunguka masikio, inafungwa nyuma. Na huu msuko mmoja nyuma ya sikio la kushoto. Hata huu! Nani kakwambia habari ya huu?"

Aliangalia simu. Akauinua uso, macho yakafika kwenye mtandio wangu, yakashtuka, yakashuka haraka hadi sakafuni.

"Donc, kumbe," alisema polepole, "hivyo ndivyo ziko?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Nilikuwa nimekuja kumshtaki kwamba ameona, na kumbe ndiyo kwanza nimemwonyesha. Kwa kinywa changu mwenyewe, mstari kwa mstari, katikati ya maktaba ya watu, na nikamtajia hadi sikio.

Alijifunika macho kwa kiganja, kama vile nimeingia kichwa wazi.

"Sikujua, Saumu. Vraiment, kweli kabisa, miye sikujua. Hizi ni nywele za Héritière."

"Héritière ni nani?"

"Dada yangu." Kiganja bado kilikuwa usoni. "Alikufa kwenye kambi ya wakimbizi, kule Tanzania. Homa. Alikuwa na miaka saba. Maman alikuwa anamusuka hivi kila mara. Ule mumoja wa sikio alikuwa anamuachia kwa ajili ya kanisa. Ibada ikiwa ndefu, Héritière anaushika, anauzungusha na kidole, anasinzia. Bila ule analia."

"Elisée..."

"Weye ulisema nichore watu wetu vile wako nyumbani. Nikasema, acha nimuchore angekuwa mukubwa, yuko na nyumba yake, anapikia mutoto wake. Hatuna picha yake hata moja. Ni hiyo tu."

Nilikaa. Kiti kilikuwa kifupi kuliko nilivyokumbuka, nikakaa vibaya, hakuna aliyecheka. Hasira yote niliyobeba kutoka nyumbani ilikosa pa kutua. Kama yeye hakuziona, basi mbona mimi ninazo? Nani aliyeniwekea kichwani nywele za mtoto aliyekufa bila kuniambia?

Kabla sijapata jibu, Elisée alikuwa ameshavuta tableti yake, ameufungua ukurasa wa tisa na kushika kalamu.

"Unafanya nini?"

"Nafuta. Nitamuwekea nywele zingine, ama kilemba."

"Ni dada yako huyo!"

"Ni dada yangu. Mais, lakini sasa nimejua. Kila mutu mwenye kufungua hii kitabu atakuwa anakuona weye, na kaka yako ataumia, na weye utaumia. Héritière ameenda, Saumu. Weye ndiye unaishi na watu."

Alianza kufuta. Msuko wa sikio uliondoka kwanza. Niliona mkono wake ukifuta taratibu, mkono ule unaosukuma vitanda vya watu wazito mchana kutwa, na moyo wangu ukafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na tabasamu lolote la Hemedi. Niliweka kiganja changu juu ya kioo cha tableti. Kalamu yake ilisimama karibu kabisa na vidole vyangu. Hakuigusisha. Wala mimi sikuondoa mkono.

"Mrudishe," nilisema.

"Na kaka yako?"

"Nywele zangu zinafumulika, Elisée. Za Héritière hazifumuliki. Nitazifumua leo hii, na huyo wa kwenye kitabu atabaki yeye peke yake."

Alinitazama. Kwa kawaida hunitazama kidogo tu, kama mtu anayechota maji ya jirani. Safari hii alinitazama hadi nikajirekebisha mtandio ambao haukuwa na kasoro.

"Niko na jambo ya kukiri," alisema. "Nywele sikuiba. Uso ndio niliiba."

"Uso wa nani?"

"Uangalie."

Niliangalia. Mama wa Tatu alikuwa na pua yangu. Alikuwa na kidevu changu, na ule mkunjo wa kati ya nyusi ambao Mwanahawa huuita mkunjo wa uchungu. Kurasa thelathini na mbili nilikuwa nikisahihisha kanzu, vikombe na mwelekeo wa mkeka wa kuswalia, na sikuwahi kuona kwamba mwanamke anayependwa kwenye kila ukurasa ni mimi.

"Nilienda kuongea na imamu mumoja, karibu na kazini," Elisée aliendelea, sasa anaiambia meza. "Sikukuambia. Nilimuuliza mutu kama miye akitaka kusilimu anafanya nini. Yeye akaniuliza, unatafuta Mungu ao unatafuta mwanamuke?"

"Ukasemaje?"

"Nikashindwa kujibu. Nikamuaga, nikarudi kwa shift."

"Ungesema mwanamke, ningekuchukia," nilimwambia. "Ungesema Mungu, nisingekuamini."

"Ndiyo maana nilinyamaza."

Ningependa kuwaambia kwamba palepale nilijua la kufanya, kama wanavyojua wanawake wa hadithi. Sikujua lolote. Nilijua tu kwamba mtu anayeshindwa kumdanganya imamu ili anipate ndiye mtu ninayemtaka, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo huenda nisimpate.

Nilimwomba asubiri chini, kwenye maegesho, mimi nipande kwa mama yake peke yangu. Mama Bernardine anaishi ghorofa ya pili, hatua chache kutoka maktaba, katika nyumba ambayo daima inanuka sombe, kisamvu cha kwao, na mafuta ya nywele. Alifungua mlango akiwa na kitana mkononi.

"Saumu! Karibu. Kuna nini? Uko mugonjwa?"

"Shikamoo, Mama. Nimekuja unifumue."

"Nikufumue? Nilikusuka juzi! Bado ni mupya."

"Nifumue tu, Mama."

Aliniketisha kwenye mto, mgongo kwake, akanivua mtandio kwa uangalifu ule ule wa siku zote. Vidole vyake vilipofika nyuma ya sikio la kushoto nikauliza.

"Mama, kwa nini ulinisuka nywele za Héritière?"

Vidole vilisimama.

"Ile jina ulisikia wapi?"

"Kwa Elisée. Amemchora kwenye kitabu."

Nikasikia anavuta makamasi.

"Mikono ilienda yenyewe," alisema. "Nilikuwa nafikiri mambo ya kodi, mambo ya soko, mikono inasuka. Nikafika kwa sikio, nikaacha ule mudogo. Ndipo nikaona nimefanya nini. Nikasema nifumue. Nikakosa nguvu. Ulikuwa umesinzia, mwanangu. Ulikuwa umesinzia vile vile."

"Kwa hiyo mimi ni binti yako?"

"Ni hiyo inanisumbua!" Alinipiga bega kwa kitana, si kwa nguvu, lakini si kwa mzaha pia. "Ukiwa binti, Elisée ni kaka yako. Na miye niko na macho. Kaka haangaliake dada vile. Toka uanze hiyo kitabu, ananyoa ndevu kila siku, hata siku ya off!"

Nilitaka kucheka na kulia, nikashindwa kuchagua.

"Na sitaki ageuze Mungu wake sababu ya mwanamuke," aliendelea. "Baba yake alikuwa mushemasi. Na weye sitaki ugeuze Mungu wako sababu ya Elisée. Mutu mwenye kuacha Mungu wake leo, kesho ataacha na miye."

"Basi unataka nini, Mama?"

"Sijui! Nyamaza nifumue."

Alifumua. Mstari wa kwanza ulikuwa umekwisha, wa pili uko nusu, simu yangu ikalia. Mikono yake ilikuwa imejaa nywele zangu na yangu imejaa mafuta, nikabonyeza spika kwa kifundo cha kidole.

"Haya," alinong'ona Mbwana.

"Hajaziona, kaka." Nikamweleza. Mtoto wa miaka saba, kambi, msuko wa kushika wakati wa ibada, mama aliyesuka bila kujua anasuka nini. Sikuongeza chumvi, wala haikuhitaji.

Kaka alipojibu hakuwa ananong'ona tena.

"Mungu awape subira," alisema. "Miaka saba! Basi nimemdhania vibaya, nitamwambia mwenyewe. Picha ibaki. Kitabu kiendelee." Akakohoa. "Sasa hilo limekwisha. Hemedi nimwambie ndiyo?"

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Nimewahi kusikia kwamba kimya cha mwanamwali ni jibu, na kaka yangu ni mtu wa kuheshimu jibu la namna hiyo. Kimya kidogo tu, na kila mtu angefuturu kwa amani jioni ile isipokuwa mimi.

"Mwambie hapana," nilisema.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu Elisée hajaziona nywele zangu, kaka, na mimi nataka azione. Kwa halali."

Nyuma yangu kitana kilianguka.

"Saumu. Yule ni Mkristo."

"Najua."

"Sasa hiyo halali itatoka wapi?"

"Sijui, kaka."

"Yeye anajua?"

"Hajui."

"Na mama yake je?"

"Miye pia sijui!" Mama Bernardine alipaza sauti juu ya kichwa changu.

Nilimwona kaka kwa macho ya moyo, amesimama wima jikoni, anapangusa paji la uso.

"Shikamoo, mama," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtoto aliyekutwa na kopo la sukari.

"Marahaba, mwanangu. Kufunga kunaenda muzuri?"

"Alhamdulillahi. Mama, mimi sikubali jambo hili. Nikwambie ukweli."

"Hata miye sikubali."

"Basi tumekubaliana," alisema Mbwana, kisha akapumua kwa nguvu hadi spika ikakwaruza. "Lakini siwezi kuzungumza mambo makubwa hivi kwenye simu, na njaa hii. Magharibi ni saa moja na robo. Njoo na mwanao mfuturu kwetu. Wote tusiojua tukae mahali pamoja. Na asichelewe, mimi nikifunga sina subira."

Simu ilikatika. Sikuthubutu kugeuka. Nusu ya kichwa changu ilikuwa imesukwa na nusu imetawanyika, machozi yalikuwa yanaingia mdomoni na nikakumbuka kuyafuta kabla sijayameza. Dirishani, chini kule, Elisée alikuwa anazunguka gari lake, mikono mfukoni, hajui kama ameposwa au amehukumiwa, maana hata mimi nilikuwa sijui ni lipi.

Mama Bernardine aliokota kitana, akakipangusa kwenye kitenge chake, akanisukuma kichwa mbele kwa vidole viwili.

"Inama," alisema. "Binti ao mukwe, sijui. Inama tumalize, tusichelewe kwa watu."